Kufundisha Namba ya Mwandishi katika Maandishi ya Sheria

Shauri la mahakamani hutajwa kwa mwaka, mahakama na namba yake. Sheria ya nchi hutajwa kwa sura yake. Lakini mwanachuoni anayeyafafanua hayo hutajwa kwa jina tupu, na jina peke yake halitoshi kumtambulisha mtu.

Walimu wa Kibaha na Kisarawe wanalifahamu jambo hili. Katika daftari moja la mahudhurio huweza kuwamo akina Juma Ramadhani wawili au watatu. Aidha, wengi wetu huandika jina letu, la baba na la babu. Wapangaji wa orodha ng'ambo hulidhani la mwisho kuwa la ukoo, na kazi ya mjukuu ikawekwa chini ya jina la babu. Mwanamke aliyebadili jina baada ya kuolewa huonekana kama watu wawili, kila mmoja na nusu ya kazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humpa mtunzi haki ya kutambuliwa kwa kazi yake. Haki hiyo hudhoofika iwapo haijulikani mtunzi ni yupi.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2012 ulianzishwa mpango wa kimataifa uitwao ORCID. Mwandishi hujiandikisha mwenyewe bila malipo, akapewa namba ya tarakimu 16 katika mafungu manne. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na 15 zilizotangulia, ili kosa la kunakili ligundulike; pengine huwa herufi X, iwakilishayo 10. Namba haibadiliki mtu abadilipo jina, chuo au nchi. Aliyeandika zamani katika Eastern Africa Law Review, jarida lililoanza Dar es Salaam mwaka 1968, aweza kuziunganisha makala zile na za leo.

Somo hili lafaa lianzie shuleni, kabla mwanasheria wa kesho hajachapisha neno. Mwalimu aanze na lijulikanalo. Wanafunzi wa Sekondari ya Kibaha, au wa Minaki wilayani Kisarawe, hufanya mtihani wa taifa kwa namba ya mtahiniwa. Awaulize: alama zingekwenda kwa nani kama yangeandikwa majina tu? Kisha awagawie kadi za makala zenye majina yaliyoandikwa kwa namna mbalimbali, wazipange kwa watunzi wake. Watabishana. Baadaye aongeze namba katika kila kadi, wazipange upya.

Hatimaye waitafute tofauti. Namba ya mtahiniwa ni ya mtihani mmoja, nayo humficha mtu kwa msahihishaji. Ya mwandishi ni ya maisha, nayo humdhihirisha kwa wasomaji. Wala wasidhani kwamba mwenye namba ndiye mwenye hoja sahihi. Namba hutuonyesha wa kumuuliza. Hoja yenyewe hatuna budi kuisoma na kuipima.