Kabla ya Kununua Kangaga, Tazama Dirisha Lako

Kangaga yangu ya kwanza ilikufa mwezi Julai, wiki chache tu baada ya kuinunua. Tulikuwa wageni Malvern, mashariki ya Johannesburg, katika chumba cha kupanga karibu na Jules Street. Nimekulia Muheza, chini ya milima ya Usambara, ambako kangaga hujiotea penye unyevu bila kuhudumiwa na mtu. Kwa hiyo sikuuliza. Niliiweka kwenye dirisha lenye jua kuliko yote, karibu na hita, nikaenda kazini. Binti yangu wa miaka sita ndiye aliyekuta majani yamekauka kama makuti. Akaniuliza, "Mama, tumeiua?"

Ndiyo, tuliiua, na kwa makosa mawili. La kwanza ni jua. Kwetu jua la mchana hukaa karibu na utosi. Johannesburg, mwaka mzima, jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na msimu wa baridi hushuka mpaka likaingia ndani kabisa ya chumba. Dirisha la kaskazini huchoma majani. La kusini hutoa mwanga wa kutosha bila ukali, na huo ndio kangaga huupenda. La pili ni hewa. Mji huu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na wakati wa baridi mvua ni adimu. Hita huzidisha ukavu.

Basi ndugu msomaji, kabla ya kwenda kwenye kitalu cha maua, simama chumbani mwako saa sita mchana uone jua linafika wapi. Kisha uchague.

Kwa anayeanza: Cyrtomium falcatum. Majani yake ni magumu, yanang'aa, na huvumilia baridi na hewa kavu kuliko nyingi. Inamfaa mwanafunzi anayerudi usiku.

Kwa meza: Asplenium nidus, yenye majani mapana yaliyojipanga kama kiota cha ndege. Mwagilia pembeni, maji yakituama katikati, moyo wake huoza.

Kwa kuning'iniza: kangaga ya Boston. Ipe nafasi majani yateremke. Haitaki udongo ukauke, na hewa ikiwa kavu hupukutisha majani sakafuni. Bafu lenye dirisha huifaa sana.

Kwa ukuta: Platycerium, yenye majani kama pembe za paa. Hufungwa kwenye ubao, hivyo haili nafasi ya chumba kidogo. Yale majani ya kahawia yaliyokumbatia ubao usiyabandue ukidhani yamekufa. Ndiyo yanayoishikilia na kuitunzia maji.

Kwa mvumilivu: Adiantum, yenye vijani laini kwenye vijiti vyeusi. Ikikosa maji siku moja tu hujikunja. Usianze nayo.

Wenye watoto wadogo na paka, angalizo. Kuna mmea wa jamii ya Asparagus, wenye asili ya huku Afrika Kusini, ambao huuzwa kwa jina la kangaga ingawa si kangaga. Una vimiba, na matunda yake madogo huwadhuru wanyama wakiyala.

Kuhusu maji, usifuate kalenda. Chovya kidole kwenye udongo; sehemu ya juu ikianza kukauka, mwagilia. Wakati wa baridi panga vyungu pamoja, mbali na hita.

Nilipomsimulia mama kwa simu, alicheka sana. "Mwanangu, unanunua kangaga kwa pesa?" Akataka kunitumia za kutoka nyumbani. Nikamweleza kuwa mimea haivuki mpaka bila kibali.

Sasa tuna tatu kwenye dirisha la kusini, na mwagiliaji ni binti yangu. Juzi aliniita mbio: chini ya majani kulikuwa na vitone vya kahawia, naye alishachukua kitambaa ayafute akidhani ni wadudu. Nikamwonyesha jinsi vilivyojipanga kwa mistari, huku na huku sawasawa. Wadudu hawapangi foleni hivyo. Ni spora za kangaga. Akakiweka kitambaa chini, akasema lazima bibi apigiwe simu sasa hivi.