Kodi ya Mshahara na Dawa za Mama



Majuzi nilialikwa Kitengela kusomesha darasa la akina mama, nikalala kwa jamaa zetu waliohama Mombasa zamani. Baada ya sala ya Isha nikatakiwa kusuluhisha jambo la nyumba. Dada na mdogo wake wamekosana kuhusu dawa za mama yao mzazi, ambazo gharama yake ni shilingi 9,000 kwa mwezi. Mkubwa ni muuguzi katika hospitali ya binafsi. Mdogo hukaanga mahamri na viazi karai kando ya barabara ya Namanga. Mdogo alitaka dada yake atoe zaidi. Mkubwa akasema, "Shekhe, mimi serikali hunikata asilimia 30 kila mwezi. Huyu hakatwi hata ndururu. Tugawane nusu kwa nusu."

Nikamwomba alete hati yake ya mshahara.

Hati ilikuwa ya mwaka 2025, na mshahara ni 60,000. Kwanza hukatwa NSSF 3,600, bima ya afya ya SHIF 1,650 na ada ya nyumba za bei nafuu 900. Tangu mwisho wa Desemba 2024 makato hayo hutolewa kabla ya kodi kuhesabiwa, basi hubaki 53,850 za kutozwa. Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nilikuwa mmoja wao hadi mwanangu aliponionyesha. Asilimia 30 haizishiki fedha zote. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, na 8,333 zinazofuata asilimia 25. Kilichozidi hapo ndicho kitozwacho 30. Jumla ni 10,938, kisha hupunguzwa nafuu ya 2,400. Kodi yake halisi ni 8,538, nayo ukiilinganisha na mshahara wote ni kama asilimia 14. Watu wa hesabu wakitaka kujua nani amebeba kiasi gani hutazama hiyo 14, wala si ile 30 ya ngazi ya mwisho aliyoifikia.

"Kwa hiyo nalalamika bure?" akauliza.

La, binti yangu. Makato yote pamoja ni 14,688, karibu robo ya jasho lake. Tena ngazi yenyewe ina kasoro. Daraja ya asilimia 30 huanzia 32,333 na haimaliziki mpaka 500,000. Muuguzi huyu na meneja wa 400,000 wamesimama kwenye kidato kimoja. Mwenye haki angetarajia vidato viwe vingi huku chini, ambako watu ndiko waliko. Badala yake mtu hupandishwa haraka kutoka 10 hadi 30, kisha huachwa kwenye uwanda mrefu.

Zingatia pia kuwa SHIF ni asilimia 2.75 na ada ya nyumba ni 1.5 kwa kila mshahara, mkubwa na mdogo. Mfanyakazi wa kiwanda cha nguo pale EPZ ya Athi River, akipata 20,000, hatoi kodi ya mapato, kwani nafuu huifuta yote. Lakini makato mengine humchukulia 2,050. NSSF, ambayo angalau ni akiba yake mwenyewe, ina kikomo. Mwaka 2025 mwenye 500,000 alikatwa 4,320 tu, chini ya asilimia moja, ilhali mshonaji hukatwa asilimia 6 kamili.

Nikamgeukia mdogo mtu. Ni kweli kwamba hana hati ya mshahara, lakini kodi anatoa. Mafuta ya kukaangia yana kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16. Sabuni pia. Petroli ya matatu ilianza kutozwa 16 mwezi Julai 2023, na ada ya kutuma pesa kwa simu ina ushuru wa asilimia 15. Mfanyabiashara mkubwa aliyesajiliwa hudai kodi aliyolipia bidhaa zake. Huyu hajasajiliwa, maana sheria humlazimu mwenye mauzo ya milioni 5 kwa mwaka, kwa hiyo kodi ya mafuta humkalia shingoni.

Tukapiga hesabu. Yeye hupata kama 20,000. Akinunua vitu vya kodi hiyo kwa 5,800, amelipa 800, yaani asilimia 4 ya pato lake. Mwenye 500,000 akinunua mara kumi zaidi, atalipa 8,000, nayo ni asilimia 1.6 ya pato lake. Kwa hiyo anayelipa shilingi nyingi ndiye mwenye mzigo mwepesi. Ndiyo maana watu walighadhibika pale Mswada wa Fedha wa 2024 ulipotaka kuutoza mkate.

Na akipanuka? Mauzo yake yakipita milioni moja kwa mwaka ataingia katika kodi ya mauzo, asilimia 3. Hiyo hukatwa katika mauzo, si katika faida, hata mwezi wa hasara. Auze 3,500 kwa siku, siku 26 za mwezi: kodi ni 2,730. Faida yake ikiwa 28,000, hiyo ni karibu asilimia 10. Mwajiriwa wa mshahara wa 28,000 hulipa kodi ya mapato isiyofika 300. Wawili hawa wana pato moja, na hukumu zao ni mbili! Sheria humruhusu mfanyabiashara kuomba kwa maandishi atozwe kwa faida, lakini lazima aweke daftari. Nikamshauri aanze kuliweka sasa.

Jambo hili wazee wetu walilijua. Abu Yusuf, katika Kitabul Kharaj alichomwandikia Khalifa Harun al-Rashid, alishauri kodi ya mashamba iwe fungu la mavuno badala ya kiwango kimoja kwa kila kipande cha ardhi, ili mwaka wa ukame usimvunje mkulima. Wakoloni walipokuja hapa walitoza nyumba kwa kichwa, kibanda sawa na kibanda.

Kuhusu dawa, nikawaomba kila mmoja aandike kinachobaki baada ya kodi ya nyumba, chakula na karo. Mkubwa akabaki na 9,000, mdogo 3,000. Tukagawa tatu kwa moja: 6,750 na 2,250. Mkubwa alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Na kaka je?"

Kaka yao yuko Kajiado, hufuga mbuzi upande wa Bissil. Hana hati ya mshahara wala hauzi kando ya barabara, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amemhesabu. Mbuzi zake ni sabini na kitu. Mimi nilikuwa na swali langu juu yao, maana nisabu ni arubaini, na ikiwa huchunga malisho ya wazi na mwaka umepita, yuko mbuzi mmoja wa zakati, ambayo si kodi na haihesabiki kuwa dawa za mama. Jumamosi tunakwenda Kajiado sote watatu, na mdogo mtu amekwisha kununua daftari.