Pikipiki ya injekta ikizima siku ya dabi, usikimbilie kumfukuza kocha

DAR ES SALAAM. Siku ya dabi ya Simba na Yanga, filimbi ya mwisho ikilia, kazi ya bodaboda ndiyo kwanza inaanza. Uwanja wa Benjamin Mkapa unaingiza mashabiki 60,000 na mageti yakifunguliwa wote wanataka kufika nyumbani kwa wakati mmoja. Wa Mbagala anaitafuta Barabara ya Kilwa, wa Buguruni anaikimbilia Mandela. Foleni haisogei. Hapo ndipo bodaboda anapovuna.

Sasa mchukue dereva aliyeegesha nje ya geti tangu saa tisa alasiri. Ufunguo umeachwa umewashwa, taa ya mbele inawaka, simu inachajiwa kwenye pikipiki ili asikilize mechi. Dakika ya 90 anapata abiria wawili wanaogombania nafasi. Anabonyeza selfu: tk, tk, tk. Kimya. Wenzake wanasukuma mpaka wanatoka jasho, haiwaki. Abiria wanahamia kwa jirani, na hesabu ya bosi ya siku hiyo iko palepale.

Kama pikipiki yake ingekuwa ya kabureta, huenda angesukumwa hatua kumi akaondoka zake. Ya injekta ina mambo yake. Petroli inasukumwa na pampu ya umeme, na kompyuta ndogo inayoitwa ECU ndiyo inayoamua injekta imwage kiasi gani na plagi ipige cheche lini. Betri ikifa kabisa, nyingi ya pikipiki hizo hazina wa kumpa mwenzake pasi.

Na zinazidi kuja. India, zinakotoka pikipiki nyingi za hapa nchini, ilianza kutumia viwango vipya vya moshi vinavyoitwa BS6 Aprili 1, 2020, na viwanda vyake vikahamia kwenye injekta kwa sehemu kubwa. Bodaboda nyingi bado ni kabureta, lakini za injekta zimeanza kuonekana vijiweni huku mafundi wengi wakiwa wamekulia kwenye kabureta.

KOCHA ANAONEWA

Mashabiki wanaujua mchezo huu. Timu ikifungwa mechi mbili, kelele zinaanza: kocha aondoke. Hakuna anayeuliza kama beki ana jeraha au kiungo hajalala.

Kwenye pikipiki ya injekta, kocha ni ECU. Injini ikigoma, neno la kwanza kijiweni ni kwamba 'kompyuta imekufa'. Hiki ni kifaa cha bei mbaya, na kwa kawaida duka halikipokei tena kikishafungwa. Dereva wa mkataba anakopa, ananunua, anafunga, na pikipiki inagoma vilevile. Sasa ana madeni mawili na ugonjwa uleule.

Ukweli ni kwamba ECU huwa ya mwisho kushukiwa. Shida nyingi ziko kwenye betri, fyuzi, soketi zilizoingia maji na waya wa ethi wenye kutu.

ANZA NA BETRI

Multimita ya bei ya kawaida ndiyo VAR ya kazi hii, inamaliza ubishi. Pikipiki ikiwa imezimwa na kupumzika, betri nzima inasoma volti 12.6 au zaidi. Ikisoma chini ya 12, hapo kuna tatizo. Kisha mtu abonyeze selfu huku fundi akiangalia: ikishuka sana chini ya volti 10, betri imechoka au vichwa vyake vimelegea. Kaza na safisha kwanza kabla ya kwenda dukani.

Hatua ya pili haihitaji kifaa, ni sikio tu. Washa ufunguo bila kupiga selfu. Pampu ya mafuta inatakiwa kuvuma sekunde mbili au tatu kisha inyamaze. Kama haivumi, angalia swichi nyekundu ya kuzimia injini, fyuzi na rilei ya pampu. Na kama pikipiki ilianguka, nyingi zina sensa inayokata injini ikilala chini. Isimamishe, zima ufunguo, washa tena. Watu wameshapandisha pikipiki kwenye Kirikuu kwa kosa hilo tu.

TAA INAONGEA

Ile taa ya njano yenye picha ya injini ni mshika kibendera. Ufunguo ukiwashwa inawaka kidogo na kuzima. Ikibaki inawaka au inapepesa, ECU imeona rafu.

Kwenye Honda nyingi za injekta, taa hiyo inahesabika kwa macho. Mpepeso mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Mmoja mrefu na miwili mifupi ni 12, maana yake njia ya injekta. Saba ni sensa ya joto la injini, nane ni sensa ya mkono wa mafuta. Kampuni nyingine zina namba zao, hivyo kitabu cha pikipiki kisitupwe.

Hapa ndipo wengi wanapigwa bao. Namba inataja njia nzima, kuanzia soketi, waya hadi sensa yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kununua sensa, chomoa soketi yake, tazama kama kuna kijani cha kutu au pini iliyopinda, safisha, rudisha. Kisha injini ikiwa inanguruma, tikisa waya taratibu, hasa chini ya tangi na pale shingoni usukani unapogeukia. Injini ikikata ulipotikisa, mchawi umempata.

Ikizima kila ikipata moto na kuwaka ikipoa, shuku sensa ya kranki. Bila taarifa yake, ECU haijui injini imefika wapi, hivyo hakuna cheche wala mafuta.

BETRI MPYA, UGONJWA WA ZAMANI

Kuna anayebadili betri kila baada ya miezi michache na kulalamika kuwa ni feki. Apime chaji kwanza. Injini ikiwa imepandishwa moto kiasi, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.7. Ikizidi 15, rektifaya imeharibika na inaikaanga betri, na ECU iko hatarini. Ikibaki chini ya 13, pima koili ya magneto: waya zake tatu zisome sawa kila ukizipima mbili mbili, na hata mmoja usiguse bodi.

RAFU ZA KADI NYEKUNDU

Fyuzi ikiungua usiweke kipande cha waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi imekufa ili waya zipone. Usichomoe kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma, maana umeme unaoruka unaweza kuua ECU. Anayechomelea bodi atoe betri na soketi ya ECU kwanza. Na kwenye kuosha, mashine ya presha isielekezwe kwenye soketi, hasa kipindi cha masika ambacho mvua yenyewe inatosha.

Vipimo vyote hivi ni kazi ya nusu saa, sawa na mapumziko mawili ya mechi. Dereva asiye na multimita amwombe fundi amwonyeshe namba kabla ya kufungua pochi. Fundi asiyeweza kuonyesha namba anabahatisha, na anabahatisha kwa hela ya mwingine. Siku ya dabi, ufunguo uzimwe na simu ichajiwe nyumbani.