Sindano ya Funza

Katika nyumba nyingi za kwetu Ituri iko sindano moja ya kutolea funza. Imechomekwa ukutani pamoja na uzi wake. Jioni mama aita, "Lete sindano!" Mtoto wa kwanza hutolewa funza, kisha wa pili, kisha jirani huja kuiazima. Mkasi wa kucha na wembe wa kunyolea hupita vilevile mkono kwa mkono. Vyombo hivi ni vidogo, lakini hufika mahali ambapo jembe na panga havifiki kila siku: ndani ya ngozi, penye damu.

Funza mwenyewe si mwenyeji wa Afrika. Alitoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazil ilimleta Angola, naye akapanda bara miguuni mwa wapagazi. Lakini leo tuseme habari za sindano.

Itazameni. Inang'aa. Je, ni safi? Jicho huona kutu na udongo tu. Vijidudu vya magonjwa ni vidogo mno, na katika alama ya damu isiyoonekana hukaa maelfu. Kijidudu cha ugonjwa wa ini, hepatitisi B, chaweza kuishi siku 7 juu ya kitu kikavu. Basi mtu aliyetolewa funza Jumapili aweza kumwambukiza atakayetolewa Jumamosi, wala hawakuonana.

Watu husema, "Tumeisuuza." Sikieni habari ya Yambuku. Ni kijiji cha kaskazini mwa Kongo, chenye hospitali ya misioni. Mwaka 1976 wauguzi wa hapo walipewa kila asubuhi bomba 5 za sindano, na wagonjwa walikuwa wengi sana. Baada ya mgonjwa mmoja sindano ilisuuzwa katika maji ya moto kidogo, kisha ikamchoma mwingine. Akaja mtu mwenye ugonjwa ambao hakuna aliyeujua bado. Ndio Ebola. Watu 318 waliugua na 280 wakafa, pamoja na masista na wauguzi wenyewe. Hawakuwa watu wavivu wala wabaya. Vyombo vilikuwa vichache, na kusuuza hakuui vijidudu.

Kinachoua ni moto. Kwanza osha chombo kwa sabuni na burashi. Mkasi uufungue, usugue penye msumari wake, maana damu na taka hujificha hapo, na maji ya moto hayaingii vema chini ya taka. Kisha weka vyombo katika sufuria ndogo, maji yavifunike vyote, ufunike na kifuniko. Mtoto asifanye kazi hii peke yake. Maji yakianza kuchemka kwa nguvu, ndipo uhesabu dakika 20. Ukiongeza chombo kingine katikati, anza kuhesabu tena.

Hapa Bunia tuongeze dakika 5. Kwa nini? Huko Moanda, kando ya bahari, maji huchemka kwa digrii 100. Sisi tunakaa juu, zaidi ya mita 1,200, hewa ni nyepesi, na maji yetu huchemka kwa digrii 96 tu. Yanatokota sana, lakini hayana moto uleule. Asiye na saa asali rozari, makumi matano bila haraka, na litania juu yake.

Mwaga maji, acha vyombo vipoe na kukauka ndani ya sufuria. Usivipanguse kwa kitambaa cha jikoni, wala usivipulizie kwa mdomo. Vikikauka, vitie katika kopo safi lenye kifuniko.

Wengine huchoma sindano katika moto. Yafaa, ikiwa imeshikwa mpaka ncha iwe nyekundu; kuipitisha mara moja juu ya kiberiti hakutoshi. Mkasi usiuchome hivyo, utapoteza makali. Alkoli ya duka la dawa, ya asilimia 70, yafaa kwa mkasi wa kucha uliokwisha kuoshwa. Pombe ya kunywa haina nguvu hiyo. Na maji ya klorini, yale yaliyojaa ndoo za milangoni wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020? Yana kazi yake, lakini chuma hukila kikashika kutu.

Wembe usichemshwe ili utumike tena kwa mwingine. Bei yake ni ndogo. Kila mtu awe na wake.

Yuko adui mmoja ambaye hata sufuria haimwezi kwa hakika: kijidudu cha pepopunda. Hukaa katika udongo na mavi ya ng'ombe na mbuzi, na mbegu yake yaweza kuvumilia maji yanayochemka. Watu huilaumu kutu, kumbe ni udongo ulioshikamana nayo. Huyo huzuiwa kwa chanjo. Ndiyo maana mama mwenye mimba huchanjwa, na kitovu cha mtoto hukatwa kwa wembe mpya, uliofunguliwa katika karatasi yake saa ile ile.