Usitupe Kifusi, Lakini Usikijengee Ghorofa

Kila sakafu ya zege inayovunjwa Kibera, au kule Kongo, Kawangware, huacha kifusi. Watu hukitupa mtaroni, kisha huenda kununua kokoto. Kumbe kifusi hicho kikipondwa, kikachekechwa na kuondolewa plasta na mbao, chenyewe ni kokoto. Ila hunywa maji mengi, kwa hivyo kiloweshe kabla ya kuchanganya.

Nasi Pwani tuna usumba wa nazi na mkonge wa Vipingo. Nyuzi zake zikikatwa fupi hupunguza nyufa zege inapokauka. Lakini ukali wa simiti huzila polepole, wala hazishiki nafasi ya chuma.

Basi sakafu na njia za miguu, sawa. Nguzo za ghorofa, hapana. Roho za wapangaji si za kufanyiwa majaribio.