"Mawazo Mengi": Hitilafu ya Umakini na Maradhi Yanayoandamana Nayo

Katika mashamba ya wakulima wadogo wa Kericho na Bomet, mchuma chai hulipwa kwa kilo, naye hutakiwa kuteua majani mawili na chipukizi kutwa nzima bila fikira kutangatanga. Mtu mzima mwenye hitilafu ya umakini na mchachariko, hali ianzayo utotoni, hutaabika mno katika kazi hiyo. Mizani humsuta kila jioni. Wenzake humwita mzembe. Si ajabu basi kwamba wengi wenye hali hii huandamwa pia na sonona, wasiwasi uliokithiri au uraibu wa pombe, ingawa lawama pekee si chanzo: urithi wa damu nao huchangia.

Afikapo zahanatini, husema tu, "Nina mawazo mengi." Kauli hiyo, katika Kiswahili cha Kenya, yaweza kubeba fikira zinazorukaruka, hofu isiyokoma, au huzuni iliyomnyima mtu hamu ya kuishi. Mhudumu akisikia huzuni pekee, hitilafu hubaki bila tiba. Akiiona hitilafu pekee, sonona kali yaweza kumuua mgonjwa. Swali la kupambanua ni la wakati: mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unataka dalili za hitilafu ziwe zilijitokeza kabla ya umri wa miaka 12, ilhali sonona yaweza kuanza ukubwani, hata baada ya msiba mmoja.