Athari za Dhoruba kwa Redio za Mkoani Simiyu: Uchambuzi wa Njia ya Matangazo kutoka Studio hadi kwa Msikilizaji

Utangulizi

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza, makao makuu yake yakiwa Bariadi. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 2,140,497, wengi wao wakiwa wakulima wa pamba na nafaka, wafugaji, na kwa upande wa Busega, wavuvi wa Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria. Kwa jamii ya namna hii habari za hali ya hewa si pambo la taarifa ya habari. Zinamhusu mkulima anayesubiri kupanda, mfugaji anayetaka kuvusha ng'ombe mtoni na mvuvi anayesukuma mtumbwi majini jua linapokuchwa.

Makala haya yanaeleza jinsi dhoruba za radi, upepo mkali na mvua ya mawe zinavyozinyamazisha redio zinazotangaza kutoka ndani ya mkoa huu, kama vile Sibuka FM ya Maswa, na zile za mikoa jirani, kama Radio Free Africa ya Mwanza. Vituo hivyo vinatajwa ili kuonesha mazingira ya utangazaji tu. Maelezo ya kiufundi yanayofuata yanahusu kituo kidogo cha FM kwa ujumla wake, si kituo fulani. Hoja inayotetewa ni kwamba ukimya wa redio wakati wa dhoruba hausababishwi hasa na mvua kuyazuia mawimbi, wala na mnara kuanguka. Unatokana zaidi na umeme, udongo na mafuta ya jenereta, mambo ambayo huamuliwa miezi mingi kabla wingu halijatanda.

Dhoruba ya alasiri na dhoruba ya usiku

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na ukubwa huo unalifanya lijitengenezee hali ya hewa yake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, upepo wa ziwani huvuma kuifuata, na mawingu ya radi hujengeka alasiri na jioni juu ya nchi inayolizunguka ziwa, Simiyu ikiwemo. Usiku mwelekeo hugeuka: upepo wa nchi kavu hukutana juu ya maji yaliyo bado na joto, na dhoruba huhamia ziwani.

Thiery na wenzake (2016) walionesha kwamba pande hizi mbili zinahusiana. Dhoruba kali za alasiri juu ya nchi kavu ni mojawapo ya dalili za dhoruba kali ziwani usiku unaofuata. Matokeo hayo yana maana ya pekee kwa mada hii. Radi inayokizima kituo cha redio Bariadi au Maswa saa kumi na moja jioni inaweza kuwa ndiyo dalili ambayo mvuvi wa Busega angepaswa kuisikia kabla ya saa mbili usiku. Kituo hunyamaza katika saa zile zile ambazo kina jambo la kusema.

Je, mvua huzuia mawimbi ya FM?

Msikilizaji akikuta redio yake imenyamaza wakati wa mvua husema kwamba mvua "imekata mawimbi". Kwa FM maelezo hayo hayasimami. Matangazo ya FM hurushwa kati ya megahezi 87.5 na 108, na wimbi lake lina urefu wa mita 3 hivi. Tone la mvua lina kipenyo cha milimita chache; wimbi hilo hulipita bila kulitambua. Mvua huanza kuyadhoofisha mawimbi kwa kiasi kikubwa katika masafa ya zaidi ya gigahezi 10, ambako setilaiti nyingi za matangazo hufanyia kazi. Hivyo, kituo kinachopokea taarifa ya habari kutoka kituo kikubwa kwa njia ya dishi kinaweza kuipoteza taarifa hiyo katikati ya mvua kubwa huku muziki wake chenyewe ukisikika bila tatizo.

Hata hivyo, imani ya msikilizaji si ya kupuuzwa. Ni kumbukumbu sahihi ya teknolojia nyingine. Enzi ambapo Redio Tanzania Dar es Salaam ilisikika kwa masafa ya kati na mafupi, kila radi iliyopiga hata mbali ilisikika ndani ya redio kama mkwaruzo, kwa sababu mfumo ule hubeba sauti katika nguvu ya wimbi, na radi huivuruga nguvu hiyo. FM hubeba sauti katika mabadiliko ya masafa, na mtambo wa kupokelea huichuja mikwaruzo mingi. Wazee walijifunza kwamba radi na redio haviivi chungu kimoja. Somo likabaki, sababu zikabadilika.

Mnara, radi na udongo

Mnara wa redio hujengwa mahali pa juu ili mawimbi yafike mbali. Katika nchi ya Wasukuma mahali pa juu mara nyingi ni kilima chenye miamba ya matale. Chini yake hufuata udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, na bondeni kabisa udongo mweusi wa mfinyanzi wa mbuga. Mpangilio huu wa udongo kutoka kilimani hadi bondeni ndio aina ya mfuatano ambao Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, aliupa jina la katena mwaka 1935. Wataalamu wa kilimo wanaufahamu vizuri. Wajenzi wa minara wangenufaika nao pia.

Sababu ni hii. Radi ikipiga mnara, mkondo wake, ambao kwa kawaida hufikia ampea 30,000 hivi, lazima ushuke ardhini. Mafundi hufukia nondo na nyaya za shaba, yaani ethi, ili kuupa njia. Kiwango kinachopendekezwa ni ukinzani usiozidi omu 10. Kwa hesabu rahisi, ampea 30,000 zikipita katika omu 10 huinua volti 300,000 chini ya mnara. Zikipita katika omu 50 huinua volti milioni moja na nusu. Volti hizo hutafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni kebo ya antena inayoingia katika mtambo wa kurushia matangazo, au waya wa umeme, au kebo inayokwenda kwenye meza ya mtangazaji.

Mwamba hupitisha umeme vibaya mwaka mzima. Mfinyanzi wa mbuga huupitisha vizuri ukiwa na maji, lakini kiangazi hukauka, hunywea na kupasuka nyufa pana, na nondo iliyofukiwa inaweza kubaki imezungukwa na hewa. Dhoruba za mwanzo wa vuli hufika wakati udongo uko katika hali hiyo. Ethi iliyopimwa mwezi Aprili, masika yakiwa yamekolea, hutoa tarakimu nzuri ambayo haisemi lolote kuhusu Oktoba. Desturi ya kumwagia chumvi na mkaa kuzunguka nondo husaidia kwa muda. Chumvi huoshwa na mvua na huila metali yenyewe. Zaidi ya hayo, shaba ina soko. Kituo kinaweza kuwa na ethi kwenye karatasi za ujenzi na kisiwe nayo ardhini.

Umeme na uamuzi wa fundi

Si lazima radi ipige mnara. Ikipiga nguzo za umeme umbali wa kilomita kadhaa, msukumo husafiri kwenye waya hadi kituoni. Upepo nao huangusha miti na nguzo, umeme hukatika, hurudi na kukatika tena, na kurudi huko kwa ghafla huharibu vifaa kuliko kukatika kwenyewe. Jenereta huokoa ikiwa ina mafuta. Kituo kinachoishi kwa matangazo ya biashara ya mji mdogo hununua mafuta kidogo kidogo.

Upande wa pili wa mawimbi hali ni kinyume. Redio ya kijijini hutumia betri kavu au sola na haijui kwamba nguzo imeanguka. Msikilizaji yuko tayari kusikiliza, lakini hakuna wa kumsemesha.

Kuna pia ukimya wa makusudi. Fundi mzoefu akiona wingu jeusi huzima mtambo na kuchomoa nyaya. Uamuzi huo una mantiki, kwani kipuri kilichoungua huagizwa mbali na kinaweza kukinyamazisha kituo kwa wiki kadhaa. Lakini unalipiwa na msikilizaji.

Tahadhari inayokosa sauti ya mwisho

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari kwa ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, aghalabu ikitaja mikoa. Redio ya ndani ndiyo inayoweza kuuteremsha mkoa kuwa kivuko cha Mto Duma au mwalo fulani wa Busega. Kwa mvua ya mawe uwezo huo una mpaka. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe iliyopiga Mwakata wilayani Kahama iliua watu zaidi ya 40, wengi wakiangukiwa na nyumba za udongo. Tukio la namna hiyo humalizika kabla tangazo halijaandikwa. Linalowezekana ni dhoruba ya alasiri kuonekana ikija na mtangazaji kupewa dakika mbili za kuisoma tahadhari, pamoja na neno mahsusi kwa wanaokwenda ziwani usiku, kabla fundi hajaruhusiwa kugusa swichi. Utaratibu huo hauhitaji kifaa kipya. Unahitaji mtangazaji na fundi wakubaliane ni nani anayemsubiri mwenzake.